Gari la Mume wa Kwanza

Jumatatu, 3 Juni
Leo tena nimekaa ndani ya gari langu. Bado si langu, ila hilo ni suala la muda. Lipo uani kwa bibi jirani, yule mshonaji, juu ya matofali tangu mumewe dereva wa teksi afariki. Rangi ya maziwa. Taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Kuku hutaga kwenye kiti cha nyuma. Nikashika usukani, nikafumba macho, nikanusa ngozi ile kuukuu. Nilifika mbali sana. Kisha dada akachungulia dirishani, akauliza kama napita sokoni nimbebee mzigo.

Hajui mambo huyo. Bibi ananiita "mume wangu" tangu nikitambaa, mbele ya mashahidi. Na mali ya mume wa kwanza inakwenda kwa nani? Sheria naijua. Kidato cha pili nimekisoma mara mbili.

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja kulipiga teke tairi la gari langu. Bibi kamwambia arudi Jumamosi. Anataka nafasi ajenge kibanda cha cherehani, chumbani giza linammaliza macho. Nikamuuliza sasa atamkumbuka marehemu kwa kitu gani. Akasema kwa kukoroma kwake.

Jumatano, 5 Juni
Akili yangu wakati mwingine inanitisha mwenyewe. Gari likimetameta, bibi ataona haya kuliuza kama sufuria iliyotoboka. Atasema, chukua, mume wangu. Nimehamisha kuku. Vyuma vyote vya nikeli nimevisugua kwa dawa ya meno. Jioni baba akauliza ni nani anayekula dawa ya meno nyumba hii. Nikamtazama dada.

Ijumaa, 7 Juni
Matairi nimeyajaza kwa pampu ya baiskeli, mpaka mwandiko unatetemeka. Matofali yametoka. Linang'aa. Bibi akapitisha kidole kwenye mlango wa dereva. Akasema hivi ndivyo lilivyokuwa siku marehemu alipompakia mara ya kwanza, akakataa nauli. Machozi yakamlenga. Mimi pia, vumbi lilikuwa jingi. Basi, kwisha kazi. Ni langu.

Jumamosi, 8 Juni
Yule wa vyuma amelitazama, akasema hili si la nyundo, akaondoka. Nikacheza uani peke yangu. Kumbe amekwenda kumwita shemeji yake, anayekodisha magari ya maharusi. Huyo hakupiga teke. Alivua kofia.

Bibi akanivuta pembeni. Akaniuliza, mume wangu, unaonaje, nikimuuzia huyu kibanda kitakuwa na dirisha kubwa. Nikayaona macho yake, mekundu kwa kufukuzia tundu la sindano. Nikasema sawa. Sijui neno hilo lilipitia wapi.

Injini imekufa zamani, kwa hiyo likafungwa kamba nyuma ya lori. Lazima mtu ashike usukani. Wote wakanigeukia.

Nimeendesha! Mtaa mzima, kiwiko dirishani, mkono mmoja kama waungwana. Dada alikuwa bombani na ndoo yake. Nilimngoja acheke. Akapunga mkono tu. Breki hakuna, nililigusa lori mara mbili, kwa heshima. Nilitamani barabara isiishe. Ikaisha.

Jumapili, 9 Juni
Uani kwa bibi pamebaki udongo mkavu wenye umbo la gari, na manyoya ya kuku. Nikaketi palepale palipokuwa na kiti cha dereva. Mikono ikajinyanyua yenyewe, ikashika hewa. Bibi akaniona. Akaniletea chai.

Ndipo nikawaza vizuri. Yule bwana wa magari ya maharusi hana mtoto wa kiume. Na jana tulipoagana aliniita "mwanangu". Mbele ya mashahidi, dereva wa lori alisikia. Mali ya baba inakwenda kwa nani? Nimemwahidi kulisugua kila Jumapili. Dawa ya meno nimeshaificha.