Silenbloki Nyekundu na Bidoni ya Mawese

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nimedharauliwa! Mama Émilienne wa depo ya bia hapa Baraka amesema nimevunja chupa arobaini na moja kwenye barabara ya Misisi. Placide, dereva mwenzangu, sita tu. Jumamosi kila mmoja wetu apeleke mzigo mmoja. Atakayevunja chache atabeba bia yote kiangazi hiki. Placide! Mtu anayepangusa kioo cha kamio kwa leso yake ya kanisani.

Kamio langu, lori liitwalo Acha Waseme, halina kosa. Ni silenbloki tu, yale mapete ya mpira kwenye masikio ya resori, springi za gari. Yamekwisha. Fundi Alphonse anataka kukata mengine kwenye tairi kuukuu. Ushamba! Nimeagiza kutoka Bujumbura mapete ya poliyurethani, plastiki ya kisasa, magumu, mekundu. Kwenye picha gari linaruka hewani. Bia haimo, lakini mwenye akili anaelewa.

Jumatano, 12 Juni
Yamefika. Muuzaji alitaka ninunue na grisi yake maalumu. Nilicheka. Fizi nzima inakamua mawese, mimi ninunue mafuta ya kopo?

Alphonse ameshika kichwa: "Patro, mawese iko ya kupikia sombe, haiko ya gari." Akaongeza kwamba bila grisi mapete yatapiga kelele, na kwamba ugumu huo haufai mzigo wa chupa. Nikamuuliza mwenye kamio ni nani. Akachukua spana. Ushindi.

Ijumaa, 14 Juni
Jaribio mpaka Lusenda. Kelele ndogo. Claudette, Mrundi anayeuza maharage mlangoni mwa kambi ya wakimbizi, ameuliza kama nguruwe wangu ni wa kuuza. Nimemwambia huo ni mlio wa vitu vya kisasa. Hawezi kuelewa.

Mawese yameshikana na vumbi, yamekuwa ugali mwekundu. Kuku wanadonoa chini ya gari. Placide amesimama, eti nichukue grisi yake. Bure! Tena akitabasamu! Nimekataa. Mapete nimeyamwagia bidoni, dumu zima la mawese la mke wangu Nadège. Hajui.

Jumamosi, 15 Juni
Anajua.

Misisi pia wanajua. Walinisikia tangu mlimani, wakatoka wote kuningoja. Kila shimo lilinipiga uti wa mgongo. Wakati wa kuhesabu chupa, mbwa watatu walikuwa wanalamba resori zangu. Placide: nne. Mimi: sitini na tatu.

Mama Émilienne hakupiga kelele. Alisema tu heri chupa zake zingetembea kwa miguu. Miaka miwili nimembebea! Imeniuma sana, hata nyama ya mbuzi imenishinda. Kiangazi chote ni cha Placide.

Jumatatu, 17 Juni
Nadège amekwenda Fizi kwa mama yake, kwa kamio la Placide. Katuma ujumbe kwamba alilala njia nzima. Bila shaka! Mipira laini huwalegeza watu. Namhurumia.

Nimegundua kosa. Mekundu ni ya daraja la chini. Kuna meusi, magumu mara mbili. Nimeshaagiza. Mama Émilienne atakuja mwenyewe kuniomba.

Alphonse ameuliza, kwa woga, habari ya grisi. Nimekiri mbele yake kwamba mawese yalikuwa kosa. Mimi si mbishi, mtu akinionyesha ukweli naupokea.

Safari hii naweka mafuta ya samaki.