Klachi ya Marehemu Tauno

Jumanne, 4 Februari

Klachi imekufa. Na mashindano ni Jumapili! Nimevuta kamba ya kuwashia mpaka bega likalia. Injini ikanguruma vizuri, mkanda wa nyuma ukakaa kimya kama haujaitwa. Pikipiki ya theluji ya mwaka 1971: ubao mmoja wa kutelezea mbele, mkanda wa mpira nyuma, rangi ya kiini cha yai. Kiwanda chake kilifungwa kabla sijaota ndevu. Vipuri? Labda mbinguni.

Shemeji Clayton, kaka yake mke wangu, alipita makusudi. Akaniuliza kama mwaka huu pia nitaisukuma hadi mwisho, ili awaambie watu waje na kamera. Akacheka peke yake. Kila mwaka anashinda yeye na lile dude lake jekundu. Safari hii hashindi. Naapa!

Mji huu una nyingine moja tu kama yangu. Ni ya marehemu Tauno Pelkola, aliyezama nayo ziwani pale kijito kinapoingilia, ambapo barafu haiaminiki. Waliopolewa wote wawili. Tauno akazikwa, pikipiki ikarudishwa bandani kwa mjane wake, Bi Sylvi. Klachi ipo. Inaozea bure!

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda kwa Bi Sylvi na pasti, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa nyama, alizooka mke wangu, Marlys. (Hajui.) Nikasifu mapazia. Nikasifu kahawa. Nikala mkate wake wa iliki mpaka nikaona haya. Kisha nikagusia klachi, kwa mbali.

Akasema si yake. Ni ya Tauno, nikamwombe mwenyewe. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema huja kila Jumamosi: watu wakishaoga sauna, kile chumba cha mvuke wa mawe ya moto, Bi Sylvi huacha moto unawaka na ndoo imejaa maji, mvuke wa mwisho ni wa Tauno. Asubuhi ndoo huwa tupu.

Huku kila nyumba huwaachia waliotangulia mvuke wa mwisho. Mama yangu aliacha, Marlys anaacha. Lakini ni desturi tu, kama kumwambia mpita njia karibu chakula huku ukiomba akatae. Ndoo ya Bi Sylvi inavuja, basi.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango! Alhamisi Bi Sylvi huenda kanisani kushona mablanketi na wenzake. Nikaingia bandani na spana. Theluji mlangoni haikuwa na alama hata ya panya. Pikipiki imesimama chini ya turubai. Nikafunua. Nikaweka mkono kwenye injini.

Ya moto!

Si vuguvugu. Moto, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Na ubao wa mbele unadondosha maji.

Nikajiambia paka alilala juu yake. Bi Sylvi hana paka. Nikajiambia paka wa jirani. Nikatoka mbio. Spana nimeisahau.

Ijumaa, 7 Februari

Bi Sylvi amempigia simu Marlys. Amesema spana imefika, Tauno anashukuru sana, saizi hiyo alikuwa anaitafuta.

Marlys akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Delbert, sasa umeanza kuwaibia hadi maiti?"

Nikamwambia nilikwenda kusalimia tu. Akataka kujua tangu lini watu wanasalimiana kwa spana. Mwanamke huyu hana imani na mtu.

Jumamosi, 8 Februari

Bi Sylvi amealika majirani sauna, kama kawaida yake. Nimeoga. Nimejipiga matawi mgongoni kama ilivyo desturi ya sauna, nimejigaragaza kwenye theluji, mtu mwema kabisa. Wote wakaingia jikoni kwa kahawa. Nikasema nimesahau soksi.

Banda na sauna vinagawana ukuta mmoja wa mbao. Nikanyemelea bandani na spana nyingine, nikaanza kufungua boliti. Ghafla, shwaa! Maji juu ya mawe ya moto. Nikachungulia dirisha la jikoni, ng'ambo ya ua. Wote wapo, Clayton anamalizia mkate. Shwaa! tena. Kisha matawi juu ya ngozi, taf, taf, polepole, ya mzee asiye na haraka.

Nywele zikanisimama. Lakini mimi muungwana. Nikasema kupitia ukutani, "Mzee Tauno, naazima klachi tu. Kuna ubaya?"

Matawi yakaacha. Kimya.

Kwetu sisi wenye asili ya Kifini, mwanamume akinyamaza amekubali. Tauno mwenyewe alioa kwa kunyamaza. Nikafungua boliti ya mwisho.

Jumapili, 9 Februari

Nimeshinda! Yaani, nusura. Pikipiki iliondoka kama imechomwa sindano. Clayton nilimwacha kona ya kwanza akila theluji yangu. Ila nyuma ilikuwa nzito, kama nimepakia gunia, na mgongo wangu ulilowa maji ya baridi. Nikapita bendera. Nikazima swichi. Haikuzimika! Ikakata kona yenyewe kuelekea kijitoni. Nikamwita mama yangu, naye alishakufa. Nikaruka. Ikasimama yenyewe, ubao wa mbele ukining'inia juu ya maji meusi.

Waamuzi wamenifutia ushindi. Kosa: kubeba abiria. Nikauliza abiria gani.

"Delbert, usitufanye wajinga. Yule mzee wa kofia ya sufu aliyekukumbatia kiuno, tumemwona sote."

Clayton hakucheka. Alinisaidia kuvuta pikipiki mpaka nyumbani, akikitazama kiti cha nyuma kila hatua. Kombe kapewa yeye. Wizi mtupu!

Jumatatu, 10 Februari

Bi Sylvi amekuja kwa miguu, baridi yote hii. Hakufoka. Bora angefoka. Alikaa ukingoni mwa kiti akasema tangu juzi nyumba imekuwa kubwa mno.

"Nirudishie, mwanangu. Mimi sina mwingine wa kumngoja Jumamosi."

Moyo uliniuma kwelikweli. Nikamwahidi.

Ila klachi ile inashika vizuri mno! Na mwakani kuna mashindano. Nimeichukua yangu iliyokufa, nikaisugua, nikaipaka grisi, nikampelekea. Akaipangusa kwa aproni na kuibusu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeoga mimi, ameoga Marlys. Tuko jikoni. Shwaa! Kutoka sauna yetu. Marlys akaangusha kikombe. Amechukua mkoba amekwenda kwa kaka yake, na amesema atarudi siku nitakapokuwa mtu.

Simu ikalia. Bi Sylvi. Amekaa dirishani tangu giza liingie, ndoo haijapungua, mawe yanapoa. Akaniuliza kama nadhani Tauno amemkasirikia. Nikamwambia theluji ni nyingi, barabara mbaya, huenda amechelewa tu.

Nikakata simu. Nikajaza ndoo nyingine, nikachukua taulo safi, nikaenda kubisha hodi mlango wa sauna. Mashine nyingi zimezama na vipuri vyake katika ziwa lile, na hakuna anayelijua kwa chini kama Tauno. Nina swali moja tu, kuhusu kabureta.