Tangi la Upepo Halihitaji Maji

Jumatatu, 3 Septemba 1979, Moroni

Tangi limekwisha! Pipa la dizeli, mabomba mawili, mota ya friji mbovu. Jumapili nafungua kazi ya kujaza upepo magurudumu ya teksi. Inzoudine, anayejaza kwa pampu ya mguu pale bandarini, amepita akauliza kama napika pombe. Wivu huo. Mke wangu Hassanati ametaka tangi likae mbali na jiko lake. Nyumba ni yake, kama desturi ya hapa. Mimi niliingia na sanduku la nguo tu. Nimelisogeza hatua mbili.

Jumatano, 5 Septemba

Barua ya binamu yangu Madi imekuja kwa ndege kutoka Ouani, kisiwa cha jirani. Ni mchomeleaji huko Mutsamudu, fundi hasa. Nilimuuliza nitajuaje kama tangi litahimili upepo. Kanijibu habari za maji! Eti nilijaze mpaka pomoni, isibaki hewa hata chembe, ndipo nisukume kwa pampu ya mkono kupita nguvu ya upepo nitakayotumia. Ameandika: "Maji yakitoboa, utalowa. Upepo ukipasua, utazikwa."

Nimesoma mara tatu. Sielewi. Mimi nauza upepo! Labda ni kwa sababu kwao kuna mito, basi kila jambo wanalitia maji. Sisi hapa hatuna hata kijito. Ndoo kumi kutoka kisima cha mvua cha Hassanati, kiangazi hiki? Nimeona nisimwombe. Mume ana heshima yake.

Ijumaa, 7 Septemba

Nilipata akili: nijaribu kwa upepo wakati wa sala ya Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini, asiumie mtu. Nikawasha mota, nikaenda kusali. Wanawake sikuwahesabu.

Katikati ya hotuba, mshindo! Mwaka jana tuliamka tukakuta serikali nyingine na Wazungu wenye bunduki, nani asiogope? Mzee wa kando yangu akanong'ona kwamba wamepinduana tena. Nikakimbia nyumbani kusikiliza redio, nikilaani mapinduzi yanayonicheleweshea ufunguzi. Redio hakuna. Jiko hakuna. Kisima kimepasuka, maji yote yanamezwa na mawe.

Wawili wa Wazungu wale, mamluki wa serikali, wakaja na gari, wakauliza nimetumwa na nani. Nikasema na teksi. Hawakuelewa. Mimi pia bado nilikuwa sielewi.

Hassanati alikuwa amekwenda kwa jirani kuomba chumvi. Akarudi nayo mkononi. Hakupiga kelele.

"Ungeniomba maji, ningekupa," alisema. "Sasa maiti yangu ungeiosha kwa maji gani, Rachadi?"

Nililia. Nililia kweli, Inzoudine akiwa ananitazama. Jioni sanduku langu lilikuwa nje.

Jumatatu, 10 Septemba

Niko kwa mama. Siku tatu nimefikiri, na kosa nimeliona: nilikuwa mkaidi kwa Madi. Yeye anataka maji, mimi nataka upepo. Waungwana hukutana katikati. Pipa jipya nitalijaza nusu maji, nusu upepo, kisha niwashe mota.

Mama ameuliza kama kuna hatari. Nimemwambia hapana, nyumba ya Hassanati ndiyo ilikuwa dhaifu. Ameridhika, maskini. Amenipa nafasi ya pipa jikoni, kando ya kigoda anapokaa kuchambua mchele.