Sharti la Chuo Kikuu na Ulimi wa Mama

Leo nimevuliwa nguo mtaani. Si nguo za mwilini (hizo ninazo, suruali ya shule na shati lililopigwa pasi mara mbili). Ni ile sitara ndogo anayobaki nayo mtu mwenye haya. Wenzangu wa bweni, habari hii mtaisikia tu, maana mji wetu wa Amu hauna siri. Basi afadhali niwaandikie mwenyewe kabla hamjaandikiwa na wengine.

Mnanijua. Mimi si mtu wa maneno. Mwalimu akiniita jina darasani husimama, jibu likanitoka kichwani, nikakumbuka tu kwamba nimesimama. Kwenye karatasi ndiko ninakosema. Kwa hiyo shikeni.

Kwanza mambo yenyewe ya chuo kikuu, kwa asiyejua. Matokeo ya Form Siksi yalipotoka, nilipasi masomo makuu mawili. Mwanafunzi wa Nairobi na wa zile shule kubwa za bara anatakiwa matatu. Lakini sisi wa wilaya ambazo hazina hata shule moja ya Form Siksi tumefunguliwa mlango wa nyuma: mawili yanatosha, kwa sharti moja. Afisa wa elimu atakuja mpaka nyumbani, amtazame kijana, awaulize wazee wake. Ana afya? Ana bidii? Ni mtu wa kutegemewa? Wazee wakisema ndiyo, anaandika ndiyo, kijana anakwenda. Wenzetu wa bara wanabanwa na alama. Sisi tunabanwa na jamaa zetu.

Nikauona mtihani huo rahisi kuliko yote niliyowahi kufanya. (Akili zangu hizo!) Nani wa kunisema vibaya kwetu? Mama yangu?

Asubuhi mama akaniita na kichupa cha wanja mkononi.

"Abudi, ndoo hapa nikutie doa. Mgeni yuwaya na mato yake." (Yaani anakuja, na macho yake.)

"Mama, mimi sasa nina miaka kumi na tisa."

"Na jito la watu lina miaka mingapi?"

Tukapatana doa liwe nyuma ya sikio, si kwenye paji la uso kama mtoto wa siku saba. Nanyi wa bara msimcheke mama yangu. Kwetu mtoto hasifiwi ovyo. Ukimsifu bila kusema Mashallah umemfungulia kijicho mlango. Mama alizika wawili kabla yangu, na hadithi ya wote wawili anaianza hivi: "Alikuwa mzuri, kila mtu akimsema." Mimi sikusemwa. Ndiyo maana nipo.

Bwana Kilonzo, huyo afisa, alifika karibu na adhuhuri. Mtu wa Ukambani, mnene, mpole, jasho linamtiririka kama aliyenyeshewa. Ami Shee, ndugu ya marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea, akamkaribisha kwenye daka, kile kibaraza chetu cha mlangoni. Mama akakaa ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, kama ilivyo ada mwanamume mgeni akija. Mimi nikasimama katikati, nikitazama vidole vyangu vya miguu. Ikaletwa kahawa, ikaletwa halua.

Bwana Kilonzo akaonja halua, akafurahi, akanitazama juu mpaka chini. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeanza kazi yake kwa moyo mweupe:

"Mama, hongera! Huyu kijana yako ni mrefu! Ana afya nzuri sana!"

Hakusema Mashallah.

Nyuma ya mlango nikasikia pumzi ya mama inakatika. Halafu sauti yake:

"Afya gani, bwana? Huyu ni mgonjwa tangu kuzaliwa. Kifua chake kama kikapu kibovu. Urefu huo ni wa maradhi."

Bwana Kilonzo akashtuka. Akanitazama kifua. Akaandika.

Nikakohoa kumpa mama ishara. (Ujinga ulioje! Mtu anasemwa kifua kibovu, naye anakohoa.) Bwana Kilonzo akaandika tena.

Lakini alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo balaa ilipoanza. Aliona mama amevunjika moyo juu ya mwanawe, akataka kumtia nguvu.

"Pole, mama. Lakini akili anayo! Mimi nimeona alama zake za hisabati. Huyu ni mwerevu sana!"

"Mwerevu!" Mama akalia kama aliyeungua. "Bwana, huyu hayui hata ndia ya kwenda sokoni. Kitwa chake hiki kitupu. Nikimtuma chumvi, huniletea sukari."

"Lakini hisabati—"

"Alibahatisha."

Mwaka mzima wa kukesha na taa ya chemni, wenzangu. Nilibahatisha.

Bwana Kilonzo akajipangusa jasho, akamgeukia Ami Shee kama mtu anayezama anavyotafuta ubao. Nami nikamtazama ami kwa macho ya kuomba. Ami amesafiri. Amefika Mombasa, amefika Unguja, anajua watu wa serikali wanataka nini.

"Mzee, labda wewe unisaidie. Mimi naona kijana mwenye adabu, mtulivu, anayependeza."

Sifa tatu kwa mkupuo mmoja! Ami akashika ndevu zake. Nikaona yeye pia ameingiwa na hofu.

"Bwana," akasema taratibu, "shemeji yangu amemsitiri mwanawe, kama mama yeyote. Ukweli ni mbaya zaidi."

Nikahisi miguu inataka kwenda bila mimi.

"Utulivu huo uuonao si adabu, ni usingizi. Hulala akisimama. Hata sasa labda amelala."

Wote wawili wakanitazama kuhakikisha. Nikapepesa macho haraka haraka kuonyesha niko macho, na nafikiri hilo nalo liliandikwa.

Mtaniuliza, mbona hukusema? Niseme nini? Kumkatiza mama mbele ya mgeni ni jambo ambalo sijalifanya hata ndotoni, na kumkatiza Ami Shee hakuna aliyewahi kulifanya akaendelea kula nyumbani kwake. Halafu ningesema kwamba mimi ni hodari? Mwenyewe, kwa mdomo wangu? Kwetu afadhali mtu apite sokoni bila kanzu.

Bwana Kilonzo akafunika kalamu yake. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli.

"Wazee, nawashukuru kwa ukweli wenu. Ni kazi ngumu mzazi kusema hivi. Juzi pale Pate baba mmoja aliniambia mwanawe ni gogo tu, hata mbuzi wanamshinda akili. Nikamwondoa. Na huyu nitamwondoa. Nafasi ni chache, siwezi kumpeleka chuo kikuu mgonjwa anayelala wima." Akasimama, akashika mkoba wake.

Nafasi yangu ilikuwa imesimama, imeshika mkoba, inavaa viatu.

Sijui kilichonipata. Kuna kitu kilipanda kutoka tumboni, nikakisikia kinapita kooni, kikatoka, na kilikuwa sauti yangu. Sikujua kwamba ni kubwa hivyo.

"Si kweli! Mimi si mgonjwa! Sijalala hospitali hata siku moja! Mimi ni wa kwanza katika hisabati, darasa zima, na jiografia wa pili! Nina akili! Nina bidii! Mimi ni hodari! Hakuna hodari kama mimi mtaa huu wote!"

Mtaa huu wote.

Mtaa huo wote ulikuwa nyuma yangu. Msikiti wetu uko hatua chache kutoka mlangoni, na watu walikuwa ndiyo kwanza wametoka kuswali adhuhuri. Nilipogeuka nikaona kanzu tupu, kanzu kwa kanzu, kutoka ukuta huu mpaka ule. Mbele yao Maalim Omari, aliyenisomesha Kurani, amesimama na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Punda mmoja alipita katikati, naye hakusema kitu.

"Nani huyo," Maalim akauliza, "anayejisifu mchana kweupe?"

"Ni Abudi," mtu akajibu.

"Abudi yupi?"

"Yule asiyesema."

Mama akapiga ukelele nyuma ya mlango: "Mwanangu kajiua kwa ulimi wake!" Nikasikia kishindo cha miguu, na kabla sijajua la kufanya akatoka amejifunika buibui mpaka macho, chetezo mkononi kinafuka moshi. Akanizunguka. Akatia chumvi kwenye makaa. Akatia na pilipili kavu. Bwana Kilonzo, aliyekuwa karibu kuliko wote, akapata sehemu kubwa. Akapiga chafya mpaka kofia ikamwanguka.

Hapo nikadhani nimefika mwisho wa aibu. La! Jirani zetu ni watu wa huruma. Walipoona mtoto wa mtaa amejiweka hatarini, kila mmoja akaja kunikinga.

"Bwana afisa, usimsikilize," akasema mwenye duka la pembeni. "Kijana huyu mwoga! Huogopa punda!"

"Alikojoa kitandani mpaka akaingia darasa la pili!" Hiyo ilitoka dirishani juu, kwa Bi Khadija, aliyesaidia kunilea.

"Hajui kuogelea! Mtu wa Amu!"

"Alimtungia shairi binti wa fundi cherehani, akalipeleka kwa mama yake binti kwa makosa!"

(Hilo la shairi nilidhani hakuna ajuaye ila mimi na yule mama. Kumbe mtaa mzima wanalijua kwa moyo. Mmoja akaanza na kulighani, ubeti wa kwanza, Maalim akamnyamazisha alipofika wa pili.)

Tatizo la kukingwa namna hii, wenzangu, ni kwamba mama na ami walikuwa wakitunga uongo. Jirani walisema kweli tupu.

Bwana Kilonzo, macho mekundu kwa pilipili, akanivuta pembeni.

"Kijana, niambie. Hawa watu wanakuchukia?"

"Hapana, bwana," nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida, ile isiyosikika. "Wananipenda. Wanaogopa macho yako."

"Macho yangu yamefanya nini?"

"Yamenisifu."

Akanitazama. Akautazama mlango, akamtazama mama na chetezo chake. Nikamweleza kidogo juu ya wale wawili waliozikwa. Akakaa chini tena polepole. Kisha akamuuliza Ami Shee, kwa heshima kubwa:

"Mzee, kwa hiyo mtoto mwema mnamtukana?"

"Mtoto mwema tunamficha, bwana."

"Na yule asiyefaa kweli?"

"Ah, huyo!" akasema ami. "Huyo tunamsifu. Nani atamwonea kijicho?"

Bwana Kilonzo akaanza kucheka. Alicheka mpaka daka likatikisika. Ghafla akanyamaza, akajipiga paji la uso.

"Yule wa Pate! Gogo! Mbuzi!" Akafungua mkoba, akakata alichoandika, akaandika upya. "Yule lazima awe mtoto wa ajabu kabisa. Kesho nachukua mashua narudi Mtangawanda, gati ya Pate." Kisha akaja kwangu, akakata mstari kwa mstari, kifua, kitwa kitupu, usingizi, akaandika pembeni maneno ambayo sikuyaona, ila niliona yalipoishia ameweka alama nene ya ndiyo.

Nimepata, wenzangu. Naenda.

Lakini yeye naye hakuondoka salama. Alipokuwa akiaga, alitaka kumwonyesha mama kwamba amejifunza ada zetu. Akasimama katikati ya njia, watu wote wapo, akasema kwa nguvu:

"Mama! Nimezunguka mkoa mzima! Sijaona kijana mbovu kama huyu!"

Mama akalia kwa furaha ndani ya buibui. Watu wakaitikia, "Naam, naam!" Maalim mwenyewe akatabasamu. Bwana Kilonzo akaona amepata ufunguo wa Amu nzima, akaongeza:

"Na hii halua yenu! Mbaya kabisa! Haifai hata mbwa!"

Watu wakaganda. Mama akakauka machozi hapo hapo.

"Bwana," Ami Shee akasema kwa upole, "halua si mtoto."

Ilibidi aketi tena, ale sahani nzima, na kila tonge alisifu. Sasa hivi jioni nasikia yuko nyumba ya wageni, amelala chali, hataki kuona kitu kitamu.

Na mimi niko ndani, sitoki. Nilijaribu kwenda dukani kununua mafuta ya taa, na mwenye duka, yule yule wa habari za punda, akanipokea kwa tabasamu pana: "Ahlan, Abudi! Hodari wetu! Mwerevu kuliko wote!" Moyo ukanipasuka. Nimerudi nyumbani nikimwaza: amenisifu kwa sababu gani?

Basi msinicheke, wenzangu. Ila kama kuna mmoja wenu ana tusi la akiba, na alipeleke posta kesho asubuhi.