Zima Birika

Jumamosi, 1 Novemba 1997
Siku ya Watakatifu Wote. Makaburini na shemeji Wiesia. Tumemwashia marehemu mke wangu Bronka mishumaa sita. Upepo umezima minne. Shemeji kasema ni kwa sababu nilinunua ya rahisi. Kweli.

Halafu nikakumbuka jambo. Sauti ya Bronka imebaki mahali pamoja tu duniani: kwenye kanda ya video ya filamu "Kaa wa Kuzimu". Enzi za kanda za magendo aliisomea filamu ile tafsiri ya Kipolandi juu ya sauti za waigizaji, peke yake, jikoni kwetu. Kaa wa baharini, polisi, bibi harusi, wote sauti moja, kama anayesoma orodha ya sokoni. Na kanda hiyo nilimpa Lucjan wa ghorofa ya chini, tukabadilishana na filamu ya mazimwi. Mjinga mimi! Nikamsimulia shemeji yote.

Jumapili, 2 Novemba
Nimwombe Lucjan? Thubutu! Miaka kumi tunabishana nani anajua filamu mbovu kumshinda mwenzake. Mbinu: nitaiponda mpaka aitupe jalalani, niiokote.

Jumatano, 5 Novemba
Klabu yetu ya filamu, chumba cha chini cha jengo. Nimeiponda dakika ishirini nimesimama. Kaa ni wa maboksi, viatu vya mtu vinaonekana. Bahari ni beseni. Lucjan akajibu kwamba viatu hivyo ndivyo vinavyomliza, yule kaa ni mpweke sana. Wakampigia makofi. Sasa anaipenda kuliko jana!

Alhamisi, 6 Novemba
Lucjan kabisha hodi, kanda mkononi. Alikutana na Wiesia kwenye foleni ya mkate, kaambiwa yote. "Jirani, si ungesema tu?" Nikamwambia ninaihitaji kwa utafiti. Akanikabidhi bila kubisha.

Nimeitazama. Nimeanza kulia hata jina la mwongozaji halijapita. Dakika ya thelathini na moja kaa anamposa bibi harusi, na Bronka wangu anasoma, sauti ileile: "Nipe mkono wako, Gienek zima birika, tutaishi baharini milele."

Gienek ni mimi. Nimerudisha nyuma mara kumi na tisa.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimeipeleka kwenye kikao cha klabu cha Jumamosi asubuhi, nilitaka wamsikie. Kufika kwenye birika, wakaangua kicheko. Hata Lucjan. Wamemcheka mke wangu! Hata usingizi wa mchana haukunijia. Nitarekebisha mstari ule mmoja kwa sauti yangu. Deki ina kitufe cha kuingiza sauti mpya juu ya picha. Sekunde tano tu, nani atajua?

Jumapili, 9 Novemba
Nimeteleka maji ya chai kwanza, ya kulainisha koo. Nimebonyeza. "Nipe mkono wako, tutaishi baharini milele." Safi kabisa! Papo hapo birika likapiga mluzi. Nikakimbia kulizima. Nikatafuta sukari. Nikatafuta limau. Nikaketi kuinywa hukohuko jikoni, nikijisifu.

Kurudi, deki bado inarekodi. Ee Mungu wangu. Kaa anakufa ufukweni, na kinachosikika ni mluzi, ndara zangu na kijiko kwenye glasi. Bronka hayupo tena hapo. Sauti yake imebaki katika zile dakika thelathini za mwanzo tu, ambamo kaa hata hajatoka majini. Nisamehe, mama. Uliniambia nizime birika, sikukuelewa.

Jumatatu, 10 Novemba
Lucjan kanikuta kwenye ngazi, kauliza mbona macho mekundu. Nikasema mafua. Akasema alijinakilia kanda kabla ya kunirudishia, nikiitaka wakati wowote niseme tu.

Niseme tu! Moyo ukaruka. Mdomo ukajibu: takataka ile niitakie nini, jirani?

Nimekaa kutwa na picha ya Bronka mezani. Nammisi mpaka kifua kinauma. Nimwombe Lucjan? Thubutu! Jumatano kuna klabu. Nitaiponda mpaka aitupe jalalani.