Mwenye Mbili na Mbili

Ati haina mwenyewe! Taifa haliwezi kuachia hesabu zake kitu kisicho na mwenyewe: Idara ya Usalama wa Hesabu ilitangaza hivyo kwa kipaza sauti mpaka mama mboga wa mtaa wa Mbotela wakaacha kukata sukuma.

Aliyekuwa matatani ni Kathini. Kwenye kompyuta sita kuukuu za ukumbi wa estate alikuwa ameweka programu ya hesabu, ya bure, inayochora grafu na kutoa majibu. Asipoleta sahihi ya mwenye programu hiyo kufikia Ijumaa, darasa lake la jioni linafungwa, na watoto arobaini wa Form Four wana mtihani mwezi ujao.

Mkurugenzi wa idara, Kivuva, kalamu tatu mfukoni, akamwita ofisini.

"Nani aliiandika?"

"Watu wengi, mzee. Wako dunia nzima. Mtu yeyote anaweza kuifungua ndani na kuirekebisha."

"Kwa hivyo kijana wa mtaa wa Lucky Summer akiamka vibaya, mbili na mbili inakuwa tano?"

"Wenzake wataona, wairudishe nne."

"Bila mkutano?"

"Bila mkutano, mzee."

Hapo ndipo Kivuva alipotoka jasho. Kamati ya Kulinda Mbili na Mbili ikaundwa, ikakaa siku tatu, ikanywa chai, ikathibitisha kwamba jibu, kwa sasa, ni nne. Halafu ikatoa fomu: Mmiliki wa programu atamweleza mwananchi kila jibu, yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo.

Nani atie sahihi? Millicent, karani wa idara, akamvuta Kathini kando. "Dada, huyu husoma mstari wa mwisho tu. Ongeza hapo chini: Mmiliki atapigwa picha akiwa na Waziri."

Kivuva alitia sahihi kama mmiliki akiwa bado amesimama.

Ijumaa akapigwa picha. Jumatatu foleni ya ofisini kwake ikashuka ngazi mpaka barabarani: watoto arobaini na madaftari, na mbele yao Opicho, fundi wa kuchomelea.

"Mzee, nataka tangi la mviringo lenye kifuniko, la lita elfu mbili, lisilonimalizia mabati. Programu inasema kimo kilingane na upana. Kwa nini?"

Kivuva akalitazama daftari la Opicho vile mtu hutazama mbwa asiyemjua. "Rudini kesho."

Millicent akamsomea fomu yake mwenyewe, polepole, mpaka pale pa "siku hiyo hiyo."

Kivuva akafunga mlango, akamnong'oneza Kathini, "Hilo darasa lako la jioni... nafasi iko?"

"Iko, mzee. Kuja na daftari."

Alichoandika Kivuva kwenye zoezi la kwanza nitawaambia kesho. Kamati bado inasahihisha.