Wageni wa Mguu Wangu

Jumapili, tarehe 1 Juni
Misa imeisha. Nimesimama mlangoni pa kanisa robo saa nzima, koti jipya mwilini. Hakuna aliyenisalimia! Wote walimzunguka jirani yangu Munyakazi, aliyeanguka na pikipiki akavunjika mguu. Tangu aanguke, wamemtembelea watu arobaini na mmoja. Nimewahesabu dirishani. Mimi, Habumugisha, mtengeneza jibini bora Mushaki yote, mgeni wangu wa mwisho alikuwa amekosea nyumba.

Jumatatu, tarehe 2
Nimeanguka. Polepole, penye majani laini, lakini kwa kelele. Mke wangu Mukagasana anasema hata ng'ombe wameona aibu. Amenifunga mguu kwa kitenge, na mchi wa kutwangia kandokando usipinde. Sharti lake: nisiombe chakula kitandani. Nimeomba.

Jumanne, tarehe 3
Mgeni mmoja tu, Mama Fifi wa nyumba ya pili. Nilimweleza maumivu yangu yote. Kumbe amekuja kuazima mchi! Akaufungua mguuni, akasema pole Papa, akaenda.

Jumatano, tarehe 4
Umati! Watu ishirini wanapanda kilima! Nikajilaza vizuri, nikafumba jicho moja. Wakaingia, Munyakazi mbele, juu ya magongo. Basi sifa zote kwake: tazameni moyo wake, mguu umevunjika na bado amekuja kumwona mgonjwa! Wakampa kiti changu. Na chai yangu. Katekista Barthélemy akauombea mguu. Wa Munyakazi! Nusura nilie.

Hapo Mukagasana akapiga kelele nje: "Ngombe iko mu maharagi!"

Nilifika wa kwanza. Niliruka ua, nikamkamata mkia. Kugeuka, watu ishirini mlangoni, vinywa wazi. Nilitamani ng'ombe anifiche.

"Papa Habu," akasema Munyakazi, "ule muguu iko muzima kupita yetu yote!"

Akacheka mpaka gongo likamponyoka. Mama Fifi akapiga vigelegele. Wakabaki wote, tukala jibini hadi jioni. Wakaniomba niwaonyeshe nilivyoanguka. Niliwaonyesha mara nne.

Alhamisi, tarehe 5
Sokoni kila mtu ananiita! Hata dereva wa lori alipiga honi: "Papa Muujiza!" Nimepunga mikono yote miwili.

Mukagasana anatumaini nimejifunza. Nimejifunza sana. Mguu haufai, ng'ombe akitoroka unajisahau. Jumapili nitakuwa kiziwi. Kiziwi anakimbia apendavyo, na watu watalazimika kuliita jina langu kwa sauti kubwa.